Matatizo Kidogo ya Macho

Nasema mapema ili mtu asinielewe vibaya: sina ugomvi na vitu vipya. Enzi ya Ruksa ilipokuja, biashara ikafunguliwa, maduka ya Tanga yakajaa sabuni na vitambaa baada ya miaka ya foleni za sukari, nilifurahi kama watu wengine wote. Ugomvi wangu ni na ile swichibodi ya simu waliyonibwagia mezani mwaka tisini na tatu. Na ni na adabu za watu pia.

Naitwa Mwinyijuma, mzaliwa wa Tongoni. Surua ilinipofusha nikiwa na miaka sita. Nilisomea uopereta wa simu, na kwa miaka kumi na moja niliunga simu za kampuni ya Jafferji, wauza vipuri pale mjini. Swichibodi ya zamani ilikuwa na laini ishirini, na kila laini ina kijilango chake cha chuma. Simu ikiingia kijilango kinaanguka, ta, nami najua ni laini gani kabla hata sijaigusa, maana kila kimoja kilikuwa na mlio wake. Cha saba kilikuwa kizito. Cha kumi na mbili kilikwaruza. Natia waya, nauliza, naunga. Enzi zile za shida, dizeli hakuna, spea hakuna, nusu ya mji ilipiga kwetu kuuliza meli imeleta nini, na hakuna simu iliyokwenda pasipo pake.

Nakiri jambo moja, nikilificha nitakuwa mwongo: nilipenda watu wasahau. Fimbo yangu niliiacha kwa mlinzi getini. Ndani nilitembea kwa mazoea, na mgeni akizungumza nami nusu saa akaondoka bila kutambua, siku hiyo chakula changu kilishuka vizuri.

Mzee Jafferji alipofariki, mwanawe Mufaddal akashika ofisi. Si mtu mbaya, nimemjua tangu sauti yake haijavunjika. Akaagiza swichibodi mpya kwa wakala wa Dar es Salaam, ikaja na fundi wake, Fanueli. Fundi aliifunga kwa siku moja, ile yangu ikatupwa stoo. Nikapitisha vidole juu ya hii mpya. Hamna kitu. Bapa kama sinia. Vibonyezo havina hata mwinuko, ni michoro tu chini ya plastiki, na laini zote zinalia mlio mmoja. Sasa ni laini gani inayolia? Taa ndiyo inayosema. Taa, mimi.

Asubuhi ya kwanza wakala wa meli alipiga kutoka bandarini kumtaka Mufaddal. Nikamuunga Chumbageni, nyumbani kwa Mariambai, mama yake Mufaddal, aliyekuwa akingoja simu ya muuza samaki. Bibi yule akamuuliza wakala kama nguru wake ni wa leo au wa jana. Ofisi nzima ilicheka. Mimi jasho lilinitoka mpaka mgongoni. Miaka kumi na moja sikukosea, na kwa asubuhi moja wamenigeuza mjinga juu ya kiti changu mwenyewe.

Mchana Mufaddal akaniita.

"Bwana Mwinyijuma, jaribu mpaka mwisho wa mwezi. Ikishindikana usihofu, hatukutupi. Utakaa pale mlangoni ukaribishe wageni. Mshahara wako utabaki ule ule."

"Niwakaribishe kwa kuwafanyia nini?"

"Uwasalimie tu."

Nilitoka mle nikiuma meno. Mtu ana kazi yake, kaisomea, anaiweza, anaambiwa akakae benchi atoe salamu, halafu anatazamiwa ashukuru.

Masuma, karani wetu wa kupiga chapa, alikuja na rangi yake ya kucha. Akadondosha tone moja juu ya kila kibonyezo, ikakauka, nikapata pa kushika. Siku mbili tu nikawa nabonyeza bila kubahatisha. Lakini taa zilibaki taa. Nikamuuliza Fanueli kama hakuna namna.

"Mzee, mbona ipo kabisa ya wasioona?" akasema. "Ina pini ndogo ndogo. Laini ikilia, pini yake inainuka chini ya kidole. Bei ni hiyo hiyo, ila lazima iombwe. Fomu ya kuagizia ina swali, kama kuna opereta asiyeona. Yenu imejazwa hapana."

Niliingia kwa Mufaddal bila hodi.

"Ile fomu uliijaza wewe?"

"Niliijaza mimi."

"Ukaandika hakuna opereta asiyeona."

Nilisikia kiti chake kikilia.

"Wallahi nilisahau," akasema. "Unafanya kazi vizuri mno, Bwana Mwinyijuma, mtu anasahau kama huoni."

Alidhani ananisifu. Na kinachoniudhi hadi leo ni kwamba wiki mbili nyuma ningeipokea sifa ile kwa mikono miwili. Siku ile ilinichoma. Niliona nimeshiriki kujifuta mwenyewe, na fimbo yangu ile kule getini.

Akaahidi barua kwa wakala wa Dar es Salaam. Masuma akaitunga na kuipiga chapa, Mufaddal akasaini, ikaenda. Siku tatu kabla ya mwisho wa mwezi Fanueli akarudi na kifurushi. Akafungua swichibodi, akachomoa, akachomeka, akafunga.

"Tayari, mzee. Hizi taa hata mtu akiwa nje ya geti ataziona. Kubwa, nyekundu."

"Taa?"

"Ndizo nilizopewa niwaletee."

Nikamwita Masuma alete nakala ya barua anisomee. Alisoma salamu vizuri, alisoma tarehe ya kufungwa mashine, kisha sauti ikamshuka. "Tunaomba msaada wenu kwa kuwa opereta wetu ana matatizo kidogo ya macho."

"Kidogo?"

"Nisamehe, mjomba. Ningeliandikaje lile neno? Wewe ni mkubwa wangu, kila asubuhi nakuamkia shikamoo. Lile neno watu wanatukaniana barabarani."

Alikuwa karibu kulia, na hilo lilinizidishia hasira, maana hata pa kuitupia sikupaona. Mmoja kanisahau kwa kunisifu. Mwingine kanificha kwa kunistahi. Na mimi niliyekaa hatua tano kutoka mezani kwake hakuna aliyenigeukia kuniuliza niandikwe vipi. Heshima yao yote hiyo ilikuwa inanipeleka benchi.

Mufaddal akatoka ofisini kwake kusikia kuna nini. Akaelezwa.

"Basi tutaandika nyingine," akasema. "Ila itachukua muda, na kazi haiwezi kungoja. Kwa sasa, bwana, kakae pale mlangoni."

"Sikai mlangoni," nikamjibu.

Masuma alikuwa na simu yake mezani, ile ya kuzungusha, yenye laini ya peke yake. Namba ya wakala nilikuwa nayo kichwani, kama namba zote za kampuni. Nikazungusha. Akapokea mwanamume.

"Ni opereta wa Jafferji, Tanga."

"Ndiyo, mzee. Taa zimefika?"

"Zimefika. Mimi ni kipofu."

"Pole sana, mzee."

"Sikupiga kutaka pole. Nataka swichibodi ya pini."

"Lakini barua ya mwajiri wako inasema matatizo kidogo. Ili tuibadilishe lazima nipate kauli yake mwenyewe."

Nikanyoosha mkono wa simu mpaka ukamgusa Mufaddal kifuani.

"Anakutaka wewe," nikamwambia.

Akaupokea. Akasalimia, akauliza hali, akacheka kidogo. "Ndiyo, ni kweli, huyu ndugu yetu, unajua tena, macho yake si mazuri sana, yaani..."

"Mufaddal," nikasema, na neno bwana sikulitanguliza. "Litamke."

Mufaddal akakohoa mara mbili.

"Opereta wangu ni kipofu," akasema. "Haoni kabisa. Fomu niliikosea mimi."

Nikarudi kwenye kiti changu, nikavaa spika za masikioni. Swichibodi ilikuwa inalia.

"Masuma, njoo hapa uniambie ni taa ipi, mpaka pini zangu zifike."

"Ya nne, mjomba."

Nikabonyeza ya nne.