Mkono wa Mwalimu Wiese

Alhamisi ya pili ya Oktoba, siku ambayo kantini ya shule ya sekondari ya Prosek, Nebraska, hutoa chili, mchuzi mzito wa nyama na maharage, na mkate wa mdalasini, shafti ya trekta ilimng'oa Colby Wiese mkono wa kulia kuanzia begani. Ilikuwa saa nne na dakika kumi asubuhi, kipindi cha tatu.

Colby alikuwa mwalimu mwanafunzi. Yeye na mwenzake, Darla Vrbka, walitumwa na chuo kikuu kufundisha kilimo kwa wiki kumi na sita chini ya Mwalimu Loren Stehlik, ambaye mwishoni angetia saini fomu zao au asitie. Bila saini hiyo hakuna leseni. Baba yake Darla alikuwa ameshauza ng'ombe wa mwisho, kwa hiyo Darla hakuwa na shamba la kurudi. Kazi ya ualimu wa kilimo ndiyo aliyoitaka tangu akiwa na miaka kumi na minne, wala hakuwahi kufikiria nyingine.

Shule za huko zenye karakana zina desturi yao. Kabla mtu hajagusa mashine yoyote hufanya mtihani wa usalama, na lazima apate mia kwa mia. Asipopata hurudishiwa karatasi arekebishe mpaka apate, kisha inafungiwa kwenye kabati la chuma ofisini. Ndiyo maana Prosek hakuna aliyewahi kufeli usalama, hata wale waliopoteza vidole. Darla alifanya mtihani wake mwezi wa Agosti. Colby hakufanya, kwa sababu siku hiyo kulikuwa na vitoto thelathini vya nguruwe vya kuhasi, na Stehlik alimwambia ashike wembe kwanza, karatasi itasubiri.

Shafti yenyewe hutoka nyuma ya trekta na kuzungusha mashine ya kupandisha mahindi ghalani. Ilikuja na kava la plastiki, ila Stehlik alilivua miaka kumi na mmoja iliyopita. Kava likiwepo, kupaka grisi kunachukua robo saa. Lisipokuwepo, nusu dakika. Shafti huzunguka mara tisa kwa sekunde. Colby alikuwa anawaonyesha wanafunzi mahindi yanakopita, na jaketi lake lilikuwa na uzi uliochomoza kwenye pindo la mkono. Uzi ukashikwa, jaketi likafuata, na mkono ukafuata jaketi. Shafti ilimbamiza chini mara mbili ikamvunja taya na mbavu nne, halafu bega likaachia kwa mlio wa kabichi inayopasuliwa. Darla ndiye aliyezima trekta. Damu ilifika kwenye madirisha na kwenye ovaroli zilizotundikwa ukutani. Helikopta ilimpeleka Colby Omaha, na mkono ukatafutwa kila mahali usionekane.

Ijumaa asubuhi ulikuwa darasani. Ulikuwa juu ya meza ya mwalimu, umejiosha mpaka kwenye kiwiko, unaweka alama za mahudhurio. Uliandika tarehe ubaoni kwa mwandiko wa Colby, ule wa kuku aliyekanyaga wino. Mkuu wa shule, Bi. Hruza, alipiga simu chuoni kuuliza kama saa zake zinahesabika, akaambiwa zinahesabika mradi andalio la somo lipo. Lilikuwepo. Kufikia mchana wanafunzi walikuwa wameshauzoea. Ulikuwa mkali kuliko Colby mwenyewe: kijana mmoja aliyechezea simu alivunjwa kidole, na wazazi wake wakasema siku hizi walimu wenye msimamo ni wachache.

Jumatatu mtu wa bima alitoa taarifa kwamba Jumatano atakuja kuangalia karatasi ya Colby. Stehlik alichukua mtihani mtupu akauweka mbele ya mkono, pamoja na kalamu.

"Jaza, bwana mdogo," alisema. "Weka tarehe ya Agosti. Mwandiko ni wako, nani atabisha?"

Mkono uliishika kalamu vizuri, ukaipitisha katikati ya kiganja cha Stehlik mpaka ikagonga meza. Stehlik aliichomoa, akajifunga kitambaa cha kufutia oili, akaenda kumtafuta Darla bandani kwa nguruwe.

"Mzee, Colby hakufanya ule mtihani," Darla alisema.

"Najua hakufanya. Angefanya, angepata ngapi?"

"Mia. Si wote tunapata mia?"

"Sasa unaogopa nini, binti? Unaandika alichokuwa aandike yeye." Aliweka mtihani juu ya gunia la pumba, na kando yake fomu ya Darla. "Wewe jaza hii, mimi natia saini hii. Kalamu iko moja, tutaazimana."

Kalamu bado ilikuwa na damu. Darla alijaza maswali yote arobaini kwa mwandiko wa Colby, ambao aliujua kwa kuwa walikuwa wakiandaa masomo pamoja. Swali la kumi na moja liliuliza kama inaruhusiwa kusimama karibu na shafti isiyo na kava. Aliandika hapana. Alilia, sitaficha, lakini alilia kwa uangalifu, na hakuna neno hata moja lililochafuka.

Jumatano, mtu wa bima akiwa ofisini anasoma karatasi, mkono uliandika ubaoni, herufi kubwa: Kava halikuwepo. Mtihani sikufanya. Karatasi ameijaza Darla. Wanafunzi walinakili. Msimamizi kutoka chuoni, Dakta Ahlquist, alikuwa ameketi nyuma siku hiyo, naye akaandika kwamba lengo la somo lilikuwa wazi, ila mwalimu ajitahidi kuwatazama wanafunzi machoni. Mtu wa bima alisimama mlangoni akasoma ubao wote, akasema yeye hushughulika na karatasi. Stehlik alipokuja na kifutio, mkono ulimpiga spana ya mdomo. Aliokota meno yake mawili, akayatia mfuko wa shati, akaendelea kufuta.

Jumamosi iliyofuata Darla alikwenda Omaha. Taya la Colby lilikuwa limefungwa kwa nyaya, na kifuani pake ilikuwapo barua ya bima, pamoja na nakala ya mtihani, iliyosema shule haina kosa, kwa kuwa yeye alilijua swali la kumi na moja.

"Mkono wangu vipi?" aliuliza kwa meno yaliyofungwa.

"Unafundisha. Wiki hii wako kwenye somo la udongo. Wanauogopa kuliko walivyokuogopa wewe."

Colby alicheka mpaka nyaya zikamtoa damu. Kisha akaishika barua kwa mkono uliobaki.

"Vrbka, mimi ule mtihani sikufanya. Nani kaujaza?"

Darla alimfuta damu kidevuni.

"Sijui, Colby."

"Huyo mtu anaijua kazi," alisema. "Hata mimi nimedhani ni mwandiko wangu."

Desemba mkono ulimaliza wiki zake kumi na sita. Stehlik aliutilia saini kwa kiganja kilichotoboka, na leseni ikatumwa Omaha kwa jina la Colby, ambaye hakupata shule ya kumwajiri. Stehlik alistaafu Mei. Nafasi yake alipewa Darla.

Ana mwaka wa sita pale sasa. Mkono unakaa karakanani, kwenye msumari kati ya ovaroli, na hauna ugomvi na mtu. Kila Agosti tu, siku ya kwanza ya muhula, Darla huusalimia, nao humkamua mkono wa kulia, ule aliojazia karatasi, mpaka mfupa mmoja unavunjika. Mwuguzi wa shule huwa ameshaloweka plasta.

Mwaka huu aliufungua muhula plasta ikiwa bado mbichi. Alikuwa ameshapaka shafti grisi asubuhi hiyo, kwa mkono wa kushoto, na bado ilichukua nusu dakika. Msichana mgeni kwenye kiti cha mbele alitazama ukutani.

"Mwalimu, ule mkono wa nani?"

"Wa Mwalimu Wiese."

"Ilikuwaje?"

"Alipata mia kwa mia," Darla alisema, akaanza kugawa karatasi.