Gari la Pedeli Tatu

Katika miaka thelathini na moja ya kufungua giaboksi za watu, sikuwahi kudanganya kuhusu giaboksi. Kuhusu mambo mengine, sibishi. Nimewaambia wateja wengi kuwa gari litakuwa tayari kesho, na kesho hiyo ikachukua wiki. Lakini giaboksi nzima niliiita nzima, na mbovu niliiita mbovu. Ndiyo maana watu waliniita Fundi bila kuongeza neno. Uongo wangu wa kwanza wa giaboksi niliutoa Jumatatu, mchana kweupe, mbele ya binti yangu.

Nilikuwa nimestaafu na nimekata shauri kununua gari la spoti, dogo, la viti viwili. Magari ya namna hiyo nimeyaendesha maisha yangu yote mpaka kwenye kona na kurudi, kuyajaribu tu, kisha nikamkabidhi mwenyewe ufunguo. Yadi ya kuuza magari ya jirani walikuwa nayo mawili ya aina moja, yote mekundu. Moja lilikuwa la gia za mkono. Jingine la klachi mbili, linalobadilisha gia lenyewe: klachi moja ikiachia, nyingine imeshashika, wala abiria hahisi kitu. Ningeweza kuchagua siku yoyote, lakini nilimngoja Spana.

Spana ni binti yangu wa pekee. Jina hilo nilimpa akiwa na miaka sita, alipokuwa akinipa spana ya saizi sahihi kabla sijaitaja. Siku hizi anafanya kazi maabara huko ng'ambo, na huja nyumbani mara moja kwa mwaka, siku kumi. Tangu mama yake afariki, siku hizo kumi ndizo mwaka wangu. Safari hii tano zilikuwa zimeshakwisha kwa shangazi, kwa binamu, na kwa simu isiyobanduka mkononi.

Leseni yake ni ya otomatiki. Kwa hiyo nikapiga hesabu zangu kimyakimya. Nikinunua la klachi mbili, ataliwasha mwenyewe aende zake kwa mashangazi. Nikinunua la mkono, itabidi nimfundishe, na kumfundisha mtu klachi ni siku nne nzima. Siku nne nimekaa pembeni yake, bila simu, maana mkono mmoja uko kwenye usukani na mwingine kwenye gia. Nilizitaka siku hizo kuliko nilivyolitaka gari.

"Baba, hili la klachi mbili ndilo lenyewe," alisema pale yadi, akipapasa usukani. "Goti lako la kushoto linakusumbua. Hili pedeli mbili tu, unastarehe."

"Haya hayadumu," nikasema. "Klachi zinaungua. Likikaa kwenye foleni mara tatu, kwisha habari yake."

Muuzaji akakohoa. "Samahani, Fundi. Si wewe uliyelikagua hili mwezi uliopita? Ulisema giaboksi yake itatuzika sote."

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu haikufika hata getini. Nikafoka kwamba nimebadili mawazo, kwani mtu mzima haruhusiwi? Spana akainua mabega. "Gari ni lako, mzee wangu." Nikanunua la pedeli tatu.

Kesho yake asubuhi tukaenda kwenye uwanja wa maghala, mahali hapana mtu wala gari. Masomo nilikuwa nimeyapanga: leo klachi peke yake, kesho kuondoka, keshokutwa gia ya pili, na kuendelea. Nilibeba chupa ya chai na mkate mzima, utadhani tunahamia.

Mara ya kwanza gari likaruka na kuzima. Nikafurahi, Mungu anisamehe. Mara ya pili likazima tena. Mara ya tatu Spana akainamisha kichwa kuisikiliza injini, akainua mguu taratibu, na gari likaondoka. Gia ya pili ikaingia. Ya tatu ikaingia. Akalizunguka ghala la mwisho, akashusha gia kabla ya kona bila mimi kumwambia, akarudi anacheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu msiba wa mama yake. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Nilijivuna, na papo hapo nikahisi nimeibiwa mchana. Hata chai hatukuwa tumeimimina.

"Bado," nikasema. "Klachi unaiachia haraka. Kesho tena."

Akazima injini.

"Siiachii haraka. Nimeisikia inashika, na wewe umeisikia. Tangu jana unaongopa kuhusu giaboksi, Baba. Wewe, Fundi! Una nini?"

"Nakukumbuka, mwanangu," nikasema. "Hata ukiwa hapa nakukumbuka. Nilitaka siku nne. Ukishajua, utaondoka."

"Nitaondoka hata nisipojua. Ndege ni Jumamosi."

Hakusema kwa ukali, na ndiyo maana iliniuma zaidi. Nikageuka nikatazama ukuta wa ghala. Simu yake ikaita. Akaitoa mfukoni, akaizima bila kuangalia nani anapiga, akaitupa nyuma ya kiti.

"Kuondoka mlimani hujanifundisha," akasema. "Si gari linarudi nyuma?"

"Linarudi, kama hujui."

"Haya. Mlima uko wapi?"

Mlima uko nyuma ya maghala hayohayo, dakika mbili. Ndio aliokuwa akiushuka kwa baiskeli utotoni, mpaka siku alipovunja jino.

"Mlima mzuri uko mbali," nikasema. "Mwendo wa saa tatu hivi, kama hakuna foleni."

Spana akawasha gari, akaingiza gia ya kwanza, akaniambia nifunge mkanda.