Nyungu za Kikohozi

Saa sita za mchana wanawake walijipanga mbele ya gereza moja dogo, kando ya barabara inayotoka Kasongo kwenda Kabambare, kila mmoja na nyungu yake kichwani, maana serikali inajua kufunga watu, kupika haijui. Pascaline alileta bugali na sombe ya majani ya muhogo kwa mume wake, Jean-Paul, aliyefungwa tangu mavuno ya mpunga kwa ajili ya mbuzi wa jirani. Hakimu alikuwa hajamwona hata mara moja.

Jean-Paul alikuwa na kifua kikuu, na wengi mle ndani vilevile. Chumba kilikuwa kimoja, madirisha yamezibwa kwa matofali tangu mtu alipotoroka. Muuguzi Mounira alileta vidonge, na kila alipokuja aliomba madirisha yafunguliwe. Direkta wa gereza alijibu kwamba anangojea amri kutoka juu. Huko juu, inaonekana, hewa inawatosha. Pascaline naye aliomba mume wake aachiliwe, asifie mle. Procureur, mwendesha mashtaka wa serikali, alisema mgonjwa anaweza kuachiliwa, atapita amwangalie.

Hakupita.

Basi Bulaimu, kapita, yaani mfungwa anayewasimamia wenzake, akafanya alichokiweza. Katika gereza lile, nafasi ya mlangoni ni ya kapita, kwa sababu upepo unapita chini ya mlango, na mgeni hulala karibu na choo. Bulaimu aliwalaza mlangoni wote wenye kukohoa, akabeba mkeka wake mpaka chooni.

"Kapita, leo weye ndiye mugeni?" akamchokoza Déo, aliyeingia juzi tu.

"Ndiyo, jirani. Sogeza miguu yako, inanuka kuliko choo."

Siku moja, baada ya kula, kikohozi kilimshika Jean-Paul. Ili asiwapulizie wenzake, alikohoa ndani ya nyungu, akaifunika upesi. Pascaline alipofika nayo nyumbani, nyungu ikakohoa. Alitega sikio. Kikohozi kilikuwa kile kile cha mume wake, chenye kupanda mara mbili kisha kuanguka. Kwa kuwa nyumbani kulikuwa na watoto, alikandika kifuniko kwa udongo, akairudisha gerezani.

"Mama Aimée, iko nini ndani?" mlinzi akamuuliza Pascaline.

"Kikohozi cha baba yao."

"Umefunika muzuri?"

"Na udongo."

"Basi weka pale kwa ukuta. Isizibe njia."

Ndani, Jean-Paul alikuwa amelala kama mtoto aliyeshiba. Mounira alisikiliza kifua chake, akasema kimenyamaza, lakini vidonge avimalize.

Wanawake wengine wakafanya vilevile. Wafungwa wasio na ndugu, Pascaline aliwafinyangia nyungu kwa mikono yake. Waliodhoofika, Bulaimu aliwashika mabega mpaka kikohozi kitoke chote, akafunika mwenyewe, bila kugeuza uso. Watu wakaacha kufa. Wafungwa na wake zao walimaliza ugonjwa, ofisi ikiwa bado inautafutia siku ya mkutano.

Nyungu zilijaa uani, zikakohoa mchana kutwa, hata watu wa sokoni wakalalamika. Ndipo procureur akaja.

"Hizi zina kosa gani?" akamuuliza direkta.

"Hazina kosa, Bwana Mukubwa."

"Sasa unafunga kisicho na kosa? Ziachilie leo."

Wanawake wakazibeba mpaka kilimani, wakazifungua juani. Vikohozi vikatoka kimoja kimoja, vikatawanyika majanini, vikakauka.

Waliporudi, Mounira aliuliza habari ya madirisha.

"Ya nini tena?" direkta akasema. "Nani anakohoa?"

Pascaline akasogea mbele ya procureur, akainama kidogo.

"Bwana Mukubwa, na mume wangu? Ulisema utamuangalia."

Procureur akamwangalia. Alimwambia Jean-Paul avute pumzi, naye akavuta. Alimwambia aitoe, akaitoa. Hakuna kilichokwaruza.

"Huyu iko muzima kabisa," procureur akasema. "Mutu muzima anaweza kungojea."

Akapanda gari lake.

Jean-Paul alisimama mlangoni, mashavu yamejaa, akamshika mke wake mkono mpaka mlinzi akakohoa kikohozi cha adabu.

"Mama Aimée, kesho ongeza chumvi kidogo," Jean-Paul akasema.

"Nitaongeza, baba."

Mlango ukafungwa. Pascaline alichukua jembe lake, akaenda shambani, maana muhogo wa kesho ulikuwa bado udongoni.