Watoto wa Dume la Manjano

Tabita ndiye aliyechagua wazazi. Katika bustani ya nyoka ya Mzee Ferdinand, pale Chapwa, alikoajiriwa, alimpandisha jike la kahawia na dume la manjano, lenye mistari myeusi myembamba kama utando wa buibui. Walikuwa chatu wadogo wa Afrika Magharibi, wanaofugwa kwa kibali na kupendwa kwa rangi zao. Yalitagwa mayai sita, na yote yakaanguliwa. Watoto watatu walifanana na mama. Watatu walichukua mistari ya baba, na siku hiyo hiyo Ferdinand akamtumia picha zao mteja wake wa Nakonde, Rabson.

Walipojivua gamba la kwanza, Tabita aliwapa vitoto vya panya. Wa kahawia walidaka mara moja. Wa manjano walirusha vichwa pembeni, wakang'ata hewa. Mmoja alipinda shingo, akapinduka, akabaki tumbo juu.

"Umezidisha joto la mashine ya kutotolesha," Ferdinand alisema. "Umeniharibia watoto."

"Wote sita walikuwa boksi moja, mzee. Mbona wa kahawia ni wazima?"

Tabita akaenda kwa dume, akamwekea panya. Kichwa kilitikisika kabla ya kushambulia. Miaka miwili walikuwa wakisema ni hasira.

Jioni alisoma mpaka akaelewa, kisha akamweleza mzee. Jeni inayochora ile mistari ndiyo inayovuruga sikio la ndani, na nyoka hukosa mizani. Inatosha kurithiwa kwa mzazi mmoja, na kila yai lina nafasi nusu kwa nusu.

"Tumbadilishie jike."

"Atakayetoka na mistari atatoka na kizunguzungu, mzee. Haviachani."

"Basi mgeni akija, nyamaza."

Rabson alikuja Jumamosi. Ferdinand alimvisha mkononi yule wa manjano mzuri kuliko wote, akikishikilia kichwa cha nyoka kwa vidole viwili. Tabita alifikiria kazi yake, na nyumbani kwao Itumba walikomtegemea.

"Mwachie kichwa, mzee," alisema.

Ferdinand alimwachia. Kichwa kikaanza kuyumba huku na huku.

"Anaumwa huyu?" Rabson aliuliza.

"Amezaliwa hivyo," Tabita alisema. "Wote wenye mistari hii wako hivyo."

Rabson alimrudisha kwenye boksi taratibu, akachukua wawili wa kahawia, akaaga.

Siku tatu Ferdinand alipita mbele ya Tabita bila salamu. Siku ya nne alimhamisha dume kwenye kizimba cha peke yake, akabandika karatasi mlangoni kwa mwandiko wake: ASIPANDISHWE.

Tabita aliendelea kuwalisha wale watatu wa manjano kwa koleo ndogo, panya akiwa amesogezwa hadi mdomoni. Mmoja alikufa mvua zilipoanza. Wawili walikua.