Kanuni Alizozifuta Kitinda

Waliotengeneza mchezo ule, Mungu awasamehe, hawakuwahi kungoja treni hata siku moja. Ni mchezo wa kompyuta wa kuchezwa kwa zamu. Unajenga miji yako kwenye ramani, unatuma vibarua wakalime na kuchimba, unapeleka askari mipakani, kisha unabofya kitufe cha kumaliza zamu na mwenzako anaanza yake. Ukifika wakati wa reli, unaitandika kutoka mji hadi mji, na papo hapo askari wako anaruka kutoka mwisho mmoja wa nchi hadi mwingine bila kutoa jasho. Jeshi zima linapita kwenye njia hiyo hiyo, wanaokwenda na wanaorudi, na hakuna anayemkanyaga mwenzake.

Kitinda, ambaye aliitwa hivyo nyumbani kwa kuwa ndiye mziwanda, aliyaona mambo hayo ya kawaida tu, mpaka siku baba yake aliposimama nyuma ya kiti chake na kikombe mkononi. Baba alikuwa amestaafu juzijuzi. Maisha yake yote ya kazi alikuwa mwongoza treni, mtu wa kukaa kwenye chumba chenye simu nyingi na mchoro wa njia ukutani, akiamua treni ipi itangulie na ipi isubiri.

"Treni yenyewe iko wapi?" aliuliza.

"Hakuna treni, baba. Kuna reli tu. Ukikaa juu ya reli, unafika."

"Unafika kwa nini? Kwa dua?"

Mama, aliyekuwa akipiga pasi pale pale sebuleni, alicheka mpaka akaiweka pasi pembeni. Baba hakucheka. Alivuta kiti, akakaa, akaweka kidole kwenye kioo.

"Na hawa wawili, wakikutana hapa katikati?"

"Wanapitana tu."

"Kwenye njia moja?" Alimtazama bintiye kama aliyeambiwa kwamba watu wawili wamevaa shati moja kwa wakati mmoja. "Mwanangu, huu ni uchawi, si reli."

Sasa, mchezo ule una mlango wa nyuma. Anayejua anaweza kufungua mafaili yake na kubadilisha kanuni apendavyo. Kitinda alikuwa mchora mabango kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji, na mambo ya mafaili alijifundisha mwenyewe kwa kukosea na kurudia. Alianza kwa kumridhisha mzee. Reli bila treni isimbebe mtu. Treni iundwe kwenye karakana ya mji, na ikishaondoka, asiyeiwahi angoje mpaka irudi. Baba akasema vizuri, ila treni hiyo ya mvuke hainywi maji? Akaweka matangi ya maji njiani, na treni isiyopata maji ikawa inakwama porini. Baba akauliza nani anakagua reli. Wakawekwa vibarua wa kukagua, na njia isiyokaguliwa ikawa inalegea mpaka treni inatambaa. Kila Kitinda alipodhani amemaliza, mzee alikuna kidevu na kuanza upya, na mama alisema hawa wawili hata nyumba ikiungua wataulizana kwanza moto umetokea stesheni gani.

Kanuni iliyomfanya baba agonge meza kwa furaha ilikuwa ya kupishana. Kati ya stesheni na stesheni iingie treni moja tu. Nyingine ikae kwenye njia ya pembeni, imsubiri mwenzake apite. Ukijaribu kuzituma zote mbili, mchezo unagoma, na kengele inalia. Kitinda alipouweka mchezo mtandaoni ili wengine nao wauchukue, mtu mmoja asiyemjua aliandika kwa hasira kwamba unachosha, amekaa zamu nzima akingoja treni ya mwenzake ipite. Baba aliyasoma maneno hayo kwa sauti mara kadhaa.

"Mwambie hiyo ndiyo kazi yenyewe," alisema, na siku hiyo alitembea kifua mbele kama aliyepandishwa cheo.

Wakawa wanacheza kila Jumamosi, baba na nchi yake, binti na yake, na reli moja inayowaunganisha. Baba alikuwa mjanja kupita kiasi. Alijua kungoja, na kwenye mchezo ule anayejua kungoja ndiye anayemaliza kazi.

Halafu kichwa cha baba kikaanza kumsaliti. Mwanzoni yalikuwa mambo ya kuchekwa, miwani ndani ya friji, salamu mara mbili kwa jirani yule yule. Daktari aliutaja ugonjwa kwa jina lake, mama alikataa kulitaja, akasema tu "usahaulifu wa baba yenu." Siku moja Kitinda alirudi kutoka kazini, akamwamkia baba yake, naye akaitikia kwa adabu zote, kisha akamuuliza, "Dada, unamtafuta nani?"

Kitinda aliingia bafuni, akafungua bomba ili kilio chake kisisikike.

Lakini Jumamosi ilipofika na ramani ikafunguka, baba alirudi. Alisogeza kiti, akapangusa miwani, akasema, "Kitinda, zamu yako. Na leo usinichezee rafu." Ikawa hivyo wiki baada ya wiki. Mahali pengine pote Kitinda alikuwa dada fulani mwenye moyo mzuri anayeleta dawa. Mbele ya ramani alikuwa mtoto wa baba yake. Hakuwa na mahali pengine pa kumpata, na hapo alipashikilia kufa na kupona.

Basi fikiria siku kengele ilipolia kwa baba. Alikuwa ametuma treni mbili kwenye njia moja, zielekeane. Mchezo ukagoma. Akabofya tena, kengele tena. Akabofya, akabofya, akakisukuma kipanya mpaka kikaning'inia ukingoni mwa meza.

"Mashine mbovu hii!" alifoka. Akainuka, na tangu hapo mpaka usiku Kitinda alikuwa dada.

Jumamosi iliyofuata mambo yakawa yale yale. Kitinda akapiga moyo konde, akafungua mafaili, akaifuta kanuni ya kupishana. Treni zikawa zinapitana kama vivuli. Baba alicheza mpaka mwisho, akatabasamu, akamwita kwa jina.

Mama alikuwa ameona. Alimfuata jikoni.

"Umefanya nini kwenye ule mchezo?"

"Nimemrahisishia tu, mama."

"Mimi dawa nampa, anatema, nampa tena. Sijamchanganyia kwenye juisi hata siku moja. Yule ni mtu mzima. Usimfanyie danganya toto."

"Unataka aniite dada hata Jumamosi?"

Mama alichukua kitambaa, akaanza kupangusa meza iliyokuwa safi tayari.

Baba alipoanza kusahau maji, Kitinda aliyafuta matangi. Alipowasahau vibarua wa kukagua reli, wakaondoka nao. Ilimuuma kuliko alivyotarajia. Kila mstari aliokuwa akiufuta alikumbuka ubishi uliouzaa, baba alikuwa amekaa wapi, alisema nini, alivyochekwa. Alikuwa akiivunja nyumba yao tofali kwa tofali ili mzee asijikwae kwenye ngazi. Mwishowe ilibaki treni yenyewe. Baba hakukumbuka tena kuiunda. Alimweka askari juu ya reli, akakodoa macho akingoja aende. Kitinda akaifuta na hiyo.

Jumamosi ile baba alimweka askari stesheni, akabofya. Askari akaruka nchi nzima, akasimama upande wa pili. Baba akakiachia kipanya.

"Nani kautengeneza huu?"

"Ni ule ule wetu, baba."

"Hapana, dada." Alisema kwa upole, kama anayemsahihisha mgeni asione haya. "Binti yangu ana wa kwake. Kwenye wa kwake treni inamsubiri mwenzake. Huyu aliyeufanya huu hajui reli kabisa."

"Baba, ni mimi. Mimi ndiye Kitinda."

"Kitinda hawezi kufanya hivi," baba alisema. "Nilimfundisha mwenyewe."

Akasukuma kiti nyuma, akaenda kukaa dirishani. Kitinda alibaki akitazama ule mchezo uliokuwa sasa kama ulivyotoka kiwandani, na alijichukia kwa dhati. Nakala ya zamani hakuwa nayo. Alikuwa amefuta juu ya kazi yake mwenyewe, akijua huyu mzee hatauliza tena. Aliingia mtandaoni, akautafuta mchezo wake kati ya michezo ya watu, akauchukua kama mgeni yeyote. Kanuni zote zilikuwepo, matangi, vibarua, njia za pembeni. Hata malalamiko ya yule mtu yalikuwepo chini yake.

Alianzisha ramani mpya, akatandika reli, akaunda treni mbili. Moja akaiingiza njia ya pembeni kwenye stesheni ndogo, nyingine ikawa inakuja. Kisha akaenda kumshika baba mkono.

"Baba, njoo uone kitu."

Baba alikaa, akapangusa miwani. Aliitazama ile treni iliyosimama. Akainama mbele, na uso wake ukafunguka wote, ule uso wa zamani.

"Huu hapa!" baba alisema. "Huu ndio wake. Umeona, dada? Inamsubiri mwenzake."

"Naona, baba."

"Nani mwingine angefikiria hivyo? Ana akili yule mtoto, wewe acha tu."

Mama alikuwa amesimama mlangoni na taulo mkononi. Kitinda alinyoosha mkono kwenye kipanya, labda wakicheza jina lingerudi. Baba aliushika mkono ule taratibu, akauondoa.

"Usiguse. Zamu hii ni yake." Akakiangalia kiti alichokalia Kitinda. "Na samahani, hapo ndipo anapokaa. Akija akikuta mtu atajisikia vibaya."

"Atakuja saa ngapi?" Kitinda aliuliza.

"Hakawii. Akitoka kazini tu, anakuja."

Kitinda akainuka, akakiacha kiti kitupu. Akavuta stuli ya mama, akakaa upande wa pili wa baba yake. Baba aliegemeza mikono mezani, akaugeukia mlango, akatulia kama alivyokuwa akitulia kazini. Binti naye akautazama mlango.