Namba Zilizopita kwa Mama

"Bado inakuuliza kama wewe ni wewe?" Uaisele aliuliza, mdomo umejaa mkate na nyama ya kopo.

Feleti aliinua simu juu zaidi. Alikuwa amesimama juu ya kreti lililopinduliwa, mwisho wa safu ya michenza. Shamba zima mtandao ulipatikana pale tu, na hata pale ulikuja kama mgeni anayeona haya kubisha hodi. Simu aliyokuja nayo Queensland kwa kazi ya msimu ilisagwa na gurudumu la trekta. Hii ya sasa, aliyoinunua mkononi mwa mtu, haikumjua. Kila akitaka kufungua barua pepe zake inamwambia imetuma namba kwenye laini yake ya nyumbani. Laini hiyo ilikuwa visiwani kwao Tonga, ndani ya simu yake kuukuu aliyomwachia mama siku ya kupanda ndege.

"Wakala wa ajira anafunga orodha ya majina leo jioni," Uaisele alisema. Yeye ndiye aliyewasimamia Watonga wote pale shambani. "Wenzako tumeshajibu. Jina lako limebaki peke yake kama mtoto aliyesahaulika shuleni. Na maneno ya mdomo hayataki yule. Anataka uandike kwamba unarudi msimu ujao na kwamba mwili wako ni mzima. Mpigie mama yako akusomee hizo namba."

"Nitampigia."

"Tangu juzi unampigia. Au kuna mwanamke humo ndani?"

Wote wakacheka. Feleti naye akacheka, maana afadhali wadhani ni mwanamke.

Kilichokuwa humo ndani ni ngiri yake. Uvimbe ulimtoka kinenani katikati ya msimu. Mfuko wa kuchumia huvaliwa mabegani ukalala tumboni, na ukijaa chenza huwa mzito kama mtoto wa kubebwa. Feleti alijifunza kuubeba upande upande, akisingizia mgongo. Usiku uvimbe unarudi ndani, asubuhi unatoka. Mwishowe alimwandikia Semisi, nesi wa kijijini kwao, akataja kila kitu kwa jina lake, ukubwa wake na mahali pake, kama mwanamume anavyomwandikia mwanamume. Kabla jibu halijaja, trekta likapita.

Haya yote yasingekuwa neno kama mama angekuwa na macho. Lakini macho ya mama yameingia ukungu, na ile simu, yenye barua zote za Feleti, anasomewa na Kalolaine, dada yake Feleti. Tangu sauti ya Feleti ilipoanza kuwa nzito alihamia banda la wavulana, na yeye na dada yake hawakukaa tena mkeka mmoja. Picha ya mabusu ikitokea kwenye televisheni, mmoja wao huinuka akaenda kuchota maji hata kama ndoo imejaa. Habari ya mwili haipiti kati ya kaka na dada. Na kwao neno la dada, akilitoa, kaka halipingi.

Akapiga.

"Mama, kuna namba zimeingia kwenye simu?"

"Ngoja." Sauti ya mama ikageukia pembeni. "Kalo, anauliza namba."

Kwa mbali akamsikia dada yake akizitaja taratibu, moja moja, akimwambia mama, si yeye. Naye Feleti alijifanya hasikii, kama ilivyo adabu.

"Anasema sita," mama alisema. "Umekula, mwanangu?"

"Nimekula, Mama. Baada ya sita?"

"Kalo, baada ya sita nini? Anasema sifuri. Huko baridi ikoje? Lile sweta unalivaa?"

"Nalivaa. Halafu?"

"Halafu mke wa mchungaji amejifungua. Ngoja, Kalo ananifinya. Tatu."

Namba ya mwisho ilipofika, simu ilikuwa imeshasema muda umekwisha. Wakaanza upya. Mama akataka kwanza kumsalimu Uaisele. Muda ukaisha tena. Walipojaribu mara nyingine, simu ikakataa kabisa kutuma namba. Sasa ilitaka mwenye barua azifungue kwenye ile simu ya nyumbani, na swali likitokea, abonyeze ndiyo.

Feleti alifuta jasho kwa mkono wa shati. Kivuli cha michenza kilikuwa kimeanza kulala upande wa pili.

"Mama, mwambie Kalolaine azifungue barua zangu abonyeze ndiyo. Asisome kingine."

Neno lilipomtoka ndipo alipolisikia. Nani kwao humwamuru dada? Uso ulimwaka mpaka masikioni. Kwenye simu ikaja sauti aliyokuwa hajaongea nayo tangu aondoke, ya chini, kama ya mtu aliye kanisani.

"Kaka. Swali silioni. Barua ya Semisi ndiyo iliyo juu."

"Iache tu, dada."

"Kidole kimeshaigusa."

Jogoo aliwika huko Tonga. Feleti alimsikia vizuri. Akamsikia na mama akiuliza ni nani ameandika, na ameandika nini kirefu hivyo.

"Habari za kanisa, Mama," Kalolaine alisema. "Haya, swali limekuja. Nimebonyeza."

Barua zikafunguka mkononi mwa Feleti. Ya wakala ilikuwa pale, inangoja neno lake. Juu yake ilikuwa ya Semisi, na maandishi yake hayakuwa meusi mazito tena kama ya barua ambayo haijasomwa. Mistari michache tu. Usinyanyue chochote kizito. Utumbo ukikwama humo utakufa nao. Mwambie msimamizi wako.

Alirudi kwenye barua ya wakala. Kidole chake kikaandika *mwili wangu*, kikasimama.

"Feleti, upo?" Mama alikuwa amerudishiwa simu. "Dada yako ametoka nje, amekaa ametupa mgongo. Anasema umwambie mkubwa wenu leo, kabla ya jioni. Umwambie nini?"

Feleti alitazama chini, kwenye majani yaliyokanyagwa.

"Habari za kanisa, Mama."

"Basi mwambie."

Alifuta alichoandika, akashuka kwenye kreti, mguu mmoja kwanza, kwa uangalifu. Wenzake walikuwa wameanza kuvaa mifuko yao. Wake ulikuwa chini ya mti. Hakuuokota.

"Uaisele," aliita. "Njoo huku kidogo. Peke yako."

Mmoja akapiga mluzi. "Anataka kukupa jina la yule mwanamke."

Uaisele akaja taratibu kati ya miti, bado anatafuna, anafuta mikono kwenye suruali. Feleti akageuka, akatazama nyavu nyeupe zilizofunika safu za mbali, zikipanda na kushuka kwa upepo kama kifua cha mtu aliyelala.