Zoezi Aliloliacha Severini

Reli ilipokwisha kuupita mji wa Morogoro na kuelekea bara, hoteli ya Bwana Yorgo, Mgiriki, ilipata kitu ambacho hakuna hoteli nyingine mjini iliyokuwa nacho. Ilikuwa meza ya biliadi, iliyoletwa kwa treni vipande vipande na kuungwa hapo hapo. Meza hiyo ilikuwa na mtu wake, Severini wa Bigwa, Mluguru mfupi wa miaka thelathini na minne, mwenye mikono isiyotetemeka. Huyu ni mtu wa kusifiwa, na asiyependa kusikia watu wakisifiwa aishie hapa hapa.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa mipira mitatu, miwili myeupe ya wachezaji na mmoja mwekundu, na meza haikuwa na matundu. Unaupiga mpira wako kwa fimbo uiguse ile mingine miwili. Ukiigusa yote unapata alama moja na kuendelea, ukikosa unampisha mwenzako. Kwa miaka minne Severini alisimama ukutani akiwahesabia Wajerumani alama zao kwa Kijerumani, kwa sauti, bila kukosea hata moja. Yeye mwenyewe alicheza saa moja tu kwa siku, kuanzia alfajiri inapopambazuka mpaka wageni waamke, kwa kuwa Bwana Yorgo alitaka meza ijaribiwe kila asubuhi. Saa hiyo aliipenda kuliko mshahara, na hakuwa na haya kulisema hilo mbele ya mkewe.

Kisha akaja Maneno kutoka Dar es Salaam. Alikuwa kijana mrefu, mtanashati, mwenye maneno matamu, aliyewahi kutunza meza kwenye hoteli kubwa ya pwani. Bwana Yorgo akampenda, lakini meza moja haihitaji watunzaji wawili. Akaamua kwamba baada ya wiki mbili, Jumamosi saa kumi alasiri, wacheze mbele ya wageni. Wa kwanza kufika alama thelathini angebaki na meza, na mwenzake angetafuta kazi kwingine. Mpaka siku hiyo, alfajiri ingebaki ya Severini na mchana ungekuwa wa Maneno.

Severini hakuwa na wasiwasi, tena alikuwa na majivuno kidogo. Alitembea kifua mbele mpaka Jumapili alasiri, Bwana Yorgo alipotaka kuwaona wote wawili. Maneno akapiga mpira ukagonga kingo tatu, ukaizunguka meza nzima na kuigusa mipira yote miwili, na wageni wakapiga makofi. Ilipofika zamu ya Severini, kila alichokigusa kilikimbia. Mpira aliotaka usimame pembeni uligonga ukingo ukarudi katikati. Mara saba alipiga na mara saba alikosa. Bwana mmoja wa reli akacheka mpaka akaweka glasi chini.

Alirudi Bigwa amenywea. Mkewe Veronika alikuwa kwenye matuta yake ya kabichi, na Severini akamwaga yote. Alilalamika kwamba mikono imemsaliti, kwamba yule mtu wa pwani labda amemfanyia kitu. Veronika alimwacha amalize, akiendelea kung'oa magugu.

"Baba Kristina," akasema mwishowe, "wewe unacheza alfajiri, ukungu umeshuka mlimani. Nguo nilizozianika jana jioni, wakati huo ukizishika bado zina unyevu. Hicho kitambaa kilichotandikwa juu ya meza yako si nguo?"

Severini akaelewa. Miaka minne alikuwa akijifunza kwenye kitambaa chenye unyevu, kinachouvuta mpira na kuuchelewesha, naye akidhani ndiyo meza yenyewe. Alasiri, jua likishakikausha, ilikuwa meza nyingine kabisa. Kosa kama hilo halimpati mtu wa pwani. Linampata aliyezaliwa chini ya Uluguru, aliyeuzoea ukungu mpaka hauoni tena. Aliona aibu, halafu akacheka, halafu akamwomba mkewe pasi ya mkaa.

Kesho yake, kulipopambazuka tu, alikipiga kitambaa brashi, akaijaribu pasi juu ya karatasi isije ikaunguza, kisha akapiga meza pasi polepole kutoka mwanzo hadi mwisho mpaka kitambaa kikawa kikavu na chenye joto. Mipira ikakimbia kama ya alasiri. Lakini kazi hiyo ilimla nusu saa nzima, na ikabaki nusu saa ya kucheza. Alikuwa na mazoezi manne, na nusu saa haikuyatosha.

La kwanza lilikuwa la kunyoosha mkono. Aliupiga mpira mmoja katikati ya meza uende mpaka ukingo wa mbali na urudi kwenye ncha ya fimbo yake. La pili lilikuwa la kuugonga mpira wa pili nusu yake tu, la tatu la kuikusanya mipira miwili pembeni na kuigusa kidogo kidogo isitawanyike. La nne lilikuwa la kuzunguka meza kwa kingo tatu, na hilo ndilo alilokuwa akilifurahia kuliko yote. Alilifanya kila siku, na lilipokubali alijiona bwana mkubwa.

Akaketi kwenye kiti cha wageni, jambo asilowahi kulifanya, akajiuliza swali ambalo mtu mwingine asingeweza kulijibu. Alama zote alizowahesabia watu kwa miaka minne zilitoka wapi? Alizikumbuka vizuri. Aliyezunguka meza alipata alama moja, akapigiwa makofi, mipira ikatawanyika, akakosa iliyofuata. Aliyeibana mipira pembeni alipata tano, sita, hata tisa, bila makofi yoyote, na wenzake wakawa wanapiga miayo. Basi Severini akachagua la kwanza na la tatu. La pili aliliacha bila uchungu. La nne aliliacha roho ikimuuma kweli kweli, na siku tatu za mwanzo ilibidi ajizuie kwa nguvu.

Kila asubuhi alitia punje kumi za mahindi mfukoni wa kushoto. Kila zoezi alilipiga mara kumi, na kila akifanikiwa, punje moja ilihamia kulia. Hakubadili zoezi mpaka nane ziwe zimehama. Alianza na mbili. Alhamisi ya wiki ya pili, hata kwa zoezi la tatu, zilihama tisa.

Jumamosi ukumbi ukajaa. Kwa kuwa Severini hangeweza kujihesabia, bwana wa reli ndiye aliyesimama ukutani. Maneno alianza kwa mbwembwe, akapata alama nzuri za kuzungusha, watu wakashangilia. Severini akaibana mipira pembeni, akaigusa, akaigusa tena, na bwana wa reli akawa anahesabu kwa Kijerumani, hataki: nne, tano, sita. Walikwenda bega kwa bega mpaka Maneno akawa na ishirini na nane na Severini ishirini na tisa.

Zamu ilikuwa ya Severini, na mipira ilikuwa imetawanyika. Njia ya kupata alama ilikuwa moja, kuzunguka meza. Severini alijua lile pigo, alilitamani, na ukumbi mzima ulikuwa ukilingoja. Alijua pia kwamba siku kumi na mbili hakulifanya. Akainama, akaupiga mpira wake taratibu, ukaenda kujibanza nyuma ya mpira mwekundu, mahali ambapo Maneno asingepata njia rahisi. Watu wakaguna. Maneno akatabasamu, akapiga la kuzunguka, zuri sana, likapita pembeni kwa unene wa kidole. Mipira ikasimama karibu karibu. Severini akaigusa.

"Thelathini," bwana wa reli akasema kwa Kiswahili.

Bwana Yorgo alimpa Severini mkono, akamwita faragha karibu na mlango. Akamweleza kwamba amempandisha cheo. Kuanzia Jumatatu atakuwa msimamizi wa wahudumu wote, na koti jeupe la vifungo vya shaba liko tayari. Meza atapewa Maneno, maana wageni wanapenda michezo yake ya kupendeza. Alilisema hilo kama mtu anayetoa zawadi, na kwa kweli aliamini ni zawadi.

Severini hakuwahi kumkatalia Bwana Yorgo jambo lolote. Alilitazama lile koti lililoning'inia mlangoni. Lilikuwa zuri, na Veronika angefurahi kumwona nalo. Akajisikia mrefu bila ya kulivaa.

"Bwana, ahadi ilikuwa meza," akasema. "Nimecheza kwa ajili ya meza, na nimeshinda. Saa yangu ya alfajiri isiguswe na mtu."

Bwana Yorgo akamkodolea macho, kisha akauliza, nusu kwa hasira, sasa hilo koti alifanyie nini.

"Mpe Maneno, Bwana, koti na cheo chake. Ni mrefu, litampendeza."

Na kweli, Maneno alipoitwa akalijaribu, lilimkaa kama alishonewa yeye, naye akamshika Severini mkono kwa mikono yake miwili. Severini akachukua brashi, akaanza kuondoa vumbi la chaki inayopakwa ncha za fimbo kwenye kitambaa, maana wageni walikuwa wanataka kucheza.